TAHADHARI: Anayeuza akshoni za bei poa za bunduki za masafa, huku Marekani

Ndugu zangu mlioko Marekani mnaopenda kuwinda na kulenga mbali, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna jamaa anauza akshoni (ule mwili wa bunduki unaoshika bolti, na mtutu hufungwa mbele yake) za bunduki ya Remington 700, zilizotumika. Anadai zimenyooshwa na fundi na zinakubali risasi ya aina yoyote, kuanzia .308 hadi 6.5 PRC, wewe kazi yako kuchagua mtutu tu. Anaongea Kiswahili safi, anakuita kaka, picha zake zinang'aa. Jina siliweki kwa sababu kila mara ana jipya.

Hiyo "risasi yoyote" ndiyo ya kumkamatia. Kipenyo cha kitako cha ganda la .308 na la 6.5 Creedmoor (aina nyingine ya risasi) ni inchi 0.473. Cha 6.5 PRC, iliyotoka 2018, ni inchi 0.532. Bolti, yaani kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia kwa nyuma, ikichongwa kwa ganda la kwanza hailipokei la pili. Iliyomfikia jamaa yetu mmoja ilikuwa imepanuliwa kwa mkono: ukingo wa uso wa bolti mwembamba upande mmoja, mikwaruzo ya tupa inaonekana wazi, na kile kikucha cha kuvuta ganda kinacheza ukikigusa kwa ukucha. PRC inaruhusiwa kufikia shinikizo la psi (pauni kwa inchi ya mraba) 65,000, na nyuma ya bolti hiyo ni jicho lako. Fundi bunduki aliiangalia akakataa hata kuifungia mtutu.

Tuseme basi bolti iko sawa. Bado kuna urefu. Risasi ya 6.5 PRC inaweza kufika urefu wa inchi 2.955, na magazini (kisanduku cha risasi) nyingi za akshoni fupi zinaishia kama 2.86. Ndiyo maana wengi wanaoitaka PRC hutafuta akshoni ya kati, au fupi yenye nafasi ya magazini ndefu zaidi. Ukitaka .300 Winchester Magnum, hapo ni akshoni ndefu, hakuna mjadala. Muuzaji anayeijua kazi atakuuliza kwanza unataka risasi gani, bei baadaye. (Kama ndiyo unaanza, mimi ningekwambia chukua Creedmoor ulale usingizi.)

Wengine hawakupata hata hiyo akshoni mbovu. Waliambiwa mzigo utaletwa mlangoni bila makaratasi, walipe kwa Zelle, ile njia ya kutuma hela benki kwa benki. Jamani, kisheria akshoni peke yake ni silaha, hata haina mtutu. Ukinunua kutoka jimbo jingine lazima ipitie kwa muuzaji mwenye FFL (leseni ya serikali kuu ya kuuza silaha), ujaze fomu 4473 ya mnunuzi wa silaha na rekodi yako ikaguliwe. Anayekwambia vingine ama anakula hela yako ama anakutafutia kesi ya serikali kuu, na wenye green card mnajua kesi ya silaha inavyoishia.

Mwombe muuzaji namba ya leseni uihakiki kwenye FFL eZ Check, tovuti ya ATF (idara ya serikali kuu inayosimamia silaha). Mwombe pia picha ya uso wa bolti ikiwa na kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) juu yake, namba zisomeke. Akianza kununa, achana naye.

Aliyekwisha kutuma hela apige simu benki leo hii, kisha apeleke malalamiko IC3, kituo cha FBI cha uhalifu wa mtandaoni. Meseji za muuzaji msizifute.