Kufunika Dari Yenye Vinundu kwa Bodi za Jipsamu: Uchambuzi Kutoka Sebuleni Mwangu, Nakuru

Hamjambo, watazamaji. Leo niko sebuleni mwangu, Section 58, Nakuru, na bidhaa ninayoichambua iko juu ya kichwa changu: bodi za jipsamu zenye unene wa milimita 9, ambazo nimezitumia kufunika dari iliyokuwa na vinundu tangu tulipohamia hapa. Huenda vinundu vile vilipendeza enzi zake, lakini vilinasa moshi wa jikoni na utando wa buibui, na kila ufagio ulipopita juu, chenga ziliangukia kwenye chai.

Sikuanza na bodi. Nilianza kwa kukwangua, kwa sababu ndiyo njia rahisi zaidi mfukoni: unatandaza nailoni sakafuni, unanyunyizia dari maji, unasubiri kama dakika 15, kisha unapitisha skrepa pana ukiwa umeilaza. Njia hiyo hufaa pale ambapo vinundu havijawahi kupakwa rangi, kwani plasta tupu hunywa maji ikalainika. Vyangu vilikuwa vimepakwa. Kitazameni kipande hiki ninachokisogeza karibu na kamera: ndani kuna plasta nyeupe, kisha rangi ya krimu, na juu kabisa rangi ya mafuta, ambayo maji yaliiteleza kama yanavyoteleza kwenye jani la nduma. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimesafisha sehemu isiyozidi ukubwa wa mkeka. Fundi alipofika alitazama juu, akatabasamu, akasema, "Mama, hii utakwangua hadi Krismasi." Kwa hiyo jaribuni kwanza na maji kidogo kwenye kona moja kabla ya kununua chochote.

Tena, ulizeni umri wa dari. Huko Marekani na Uingereza, mapambo ya namna hii yalichanganywa kwa miaka mingi na asbesto, madini yenye nyuzi ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Marekani ilipiga marufuku kuinyunyizia kama pambo mwaka 1978, na Uingereza ikakataza asbesto iliyokuwa imesalia mwaka 1999. Hapa Kenya tunaijua zaidi kwenye mapaa ya zamani, nayo imo katika orodha ya taka hatari tangu kanuni za mwaka 2006. Penye shaka, msikwangue wala msitoboe kabla sampuli haijapimwa. Jengo letu ni la mwaka 2012, ndiyo maana nilithubutu.

Sasa bodi zenyewe. Kila moja ina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.4. Sebule ni mita 4 kwa 3.6, hivyo hesabu ya karatasini ilinipa bodi 5 kamili. Nilinunua 6, na hiyo ya ziada ikaisha karibu yote kwenye vipande vya pembeni. Mbili zilifika pembe zikiwa zimevunjika, kwa kuwa duka lilizilaza kwenye mkokoteni zikining'inia nyuma, ilhali bodi hizi hubebwa zikiwa zimesimama kwa ubavu. Fundi alizima umeme, akafunga fremu ya chuma kwenye slabu, chaneli, yaani vyuma vyake vyembamba, zikiachana sentimita 40, ndipo akafunga bodi kwa skrubu za milimita 25. Kuna wanaobandika bodi kwa gundi juu ya vinundu. Gundi hiyo hushika rangi tu, na rangi ikibanduka, bodi huifuata.

Maungio yalifungwa kwa utepe na kuzibwa, na siku ya kuyapiga msasa vumbi lilifika hadi ndani ya kabati la vyombo. Matokeo, hata hivyo, yameniridhisha: mchana, mwanga wa dirishani ukilala juu yake, sioni ungio hata moja.

Lawama yangu ni hii hapa konani. Bomba la bafu la juu lilivuja, likaacha doa la kahawia lenye ukubwa wa kisahani, na nilipobonyeza kwa kidole, bodi ilibonyea kama mkate uliolowa. Tumekikata kipande hicho na kuweka kingine. Bafuni kwangu nimeagiza dari ya PVC, yaani ya plastiki.