Daymaniyat, Oman mwezi wa tisa: na joto lile, inafaa kuzamia?

Mambo vipi watu wangu, karibuni tena. Leo nawachambulia Daymaniyat, vile visiwa 9 vya Oman karibu na Muscat, mana kila nikiweka picha mnaniuliza swali lilelile, kipindi hiki si kunaungua kule, mtu unafuata nini? Nimerudi juzi tu, nimezamia siku mbili, mitungi minne ya hewa.

Tuanze na joto lenyewe, tusidanganyane, lipo. Nilifikia kwa shangazi Seeb, hapo jirani na Muscat, saa 12 asubuhi nikitoka nje miwani inashika ukungu palepale, mi wa Dar najua joto lakini lile unyevu wake unakukaba. Boti tulipandia bandari ya Al Mouj, na hapa sikiliza vizuri kabla hujalipa: kuanzia mwezi wa tano mpaka mwisho wa mwezi wa kumi hairuhusiwi kushuka visiwani, ni hifadhi tangu 1996, ndege na kasa wanataga, kwa hiyo siku nzima ni kwenye boti. Uliza kama ina kivuli cha maana. Yetu ya siku ya kwanza ilikuwa na kiturubai cha watu wanne na sisi tuko kumi, watu wameungua mabega, na miwani ya kuzamia waliyonikodisha mpira wake ulishakakamaa, maji yanaingia puani kila dakika. Siku ya pili nikahamia boti nyingine.

Sasa majini. Juu ni vuguvugu kabisa, kompyuta ya kuzamia niliyovaa mkononi inasoma nyuzi 30, tukashuka, kwenye mita 14 hivi nkaona mbele maji yanachezacheza kama hewa juu ya lami saa saba mchana, nkanyoosha mkono, baridi! Nyuzi 24. Yani mkono uko kwenye baridi na kifua bado kiko kwenye joto. Ni maji ya chini yanayopanda, kipindi hiki kwa upande huo wa bahari ni kawaida, kwa hiyo usije na fulana tu, vaa wetisuti, ile suti ya mpira ya kuzamia, unene milimita 5 kama unasikia baridi haraka. Na hayo maji yanapanda na chakula, vijidudu vidogo vidogo, ndo mana huoni mbali sana, lakini ndo mana potwe, wale papa wakubwa wapole wenye madoa, nao wanakuja.

Na nilimuona jamani. Siku ya pili, tunapumzika mita 5 zile dakika tatu za usalama kabla ya kupanda juu, akatokea kwenye ule ukungu taratibu, mdogo bado, kama mita tano, madoa meupe mgongoni na visamaki vimejipanga mbele ya mdomo wake. Hatukumsogelea, kapita. Nilisahau kabisa kuangalia hewa, dive masta, yule anayetuongoza majini, ndo kanigusa bega.

Kasa aina ya ng'amba wao ni wengi, mmoja nilikaa naye karibu anabandua sponji kwenye jiwe kwa ule mdomo wa kasuku, hana habari na mimi.

Mi nasema mwezi wa tisa nendeni. Kunywa maji mengi tangu jana yake, ukikaukiwa mwili hatari ya mapovu ya naitrojeni mwilini ukipanda juu inaongezeka. Kibali cha hifadhi wenye boti ndo wanakukatia, hakikisha kimo kwenye bei. Na wanaoniuliza kuhusu potwe wa Mafia, msimu wao unaanza Oktoba, nshaanza kuulizia boti Kilindoni.