Maumivu ya Chembe cha Moyo Hayakuwa Vidonda vya Tumbo: Tathmini ya Kliniki Iliyonitibu

Huduma ninayoiandikia hapa ni ya kitengo cha magonjwa ya mfumo wa chakula katika hospitali moja ya rufaa jijini Dar es Salaam, ambako nilitibiwa kati ya Machi na Mei 2023. Jina la hospitali sitalitaja, kwa sababu nina sifa nyingi za kuipa pamoja na lawama moja nzito, na utaratibu ninaoulaumu nimesikia kwa wenzangu kwamba uko pia mahali pengine. Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari, si daktari. Tafiti ninazozitaja nilizisoma baada ya kupona, nikitaka kujua kama niliyotendewa yalikuwa na msingi.

Kabla ya kufika huko nilikuwa nimeishi miaka mitatu na jina la ugonjwa ambao sikuwa nao. Kila nilipobanwa na chembe cha moyo, hasa usiku baada ya kula pilau au chakula cha mafuta, nilikwenda maabara ya mtaani, nikatobolewa kidole, na baada ya robo saa nikapewa karatasi iliyoandikwa kwamba nina vijidudu vya vidonda vya tumbo. Nilipimwa hivyo mara nne, kwa shilingi 10,000 kila mara, na mara zote nne majibu yalikuwa yaleyale. Nilimeza dawa za mseto za kuua vijidudu hivyo kwa siku 14, nikarudia mwaka uliofuata, nikarudia tena, huku omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali ya tumbo, ikiwa haikauki kwenye mkoba wangu.

Kipimo kile cha kidole lazima nikieleze kwa kirefu, kwa sababu ni bidhaa ya afya ya tumbo inayouzwa sana mitaani kwetu. Hakitafuti bakteria mwenyewe, bali kinatafuta kingamwili ambazo mwili ulizitengeneza dhidi ya bakteria Helicobacter pylori. Kingamwili hizo hubaki kwenye damu kwa miezi mingi, wakati mwingine kwa miaka, hata baada ya bakteria kuuawa na dawa. Mtu aliyepona mwaka jana anaweza kusoma jibu lilelile na mtu anayeumwa leo. Tena, watu wazima wengi barani Afrika wamewahi kuambukizwa bakteria huyo, na wengi wao hawaugui vidonda maisha yao yote. Kutumia kipimo hicho kuhakikisha kama mgonjwa amepona ni makosa ya wazi, na mimi nilikifanyiwa kwa kusudi hilohilo mara tatu kati ya hizo nne. Vipimo vinavyofaa kwa kazi hiyo ni kile cha choo kinachotafuta chembe za bakteria mwenyewe, au kile cha kupuliza pumzi baada ya kunywa kemikali iitwayo urea, ambayo bakteria huyo huivunja, navyo hufanywa angalau wiki nne baada ya kumaliza viuavijasumu (antibayotiki), mgonjwa akiwa ameacha omeprazoli kwa wiki mbili.

Sisemi kwamba bakteria huyo ni wa kupuuzwa. Madaktari Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kumwotesha maabara mjini Perth, Australia, mwaka 1982, na mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi wenye bakteria hao ili aonyeshe kwamba wanaweza kuliumiza tumbo lililokuwa zima. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kabla yao vidonda vilihesabiwa kuwa ugonjwa wa mawazo na tindikali, na mgonjwa alitibiwa maisha yake yote. Ugunduzi mkubwa kiasi hicho unastahili kutumiwa kwa uangalifu, na ndiyo maana huniuma ninapoona umegeuzwa kuwa jibu la kila tumbo linalouma.

Katika kliniki ya rufaa daktari alinisikiliza kwa karibu nusu saa kabla ya kuandika chochote. Aliniamkia, akaniita mwalimu, kisha akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: maumivu yanachukua muda gani, yanapenya hadi mgongoni au yanaishia mbele, nikiinama yanapungua au yanazidi, nimewahi kuona macho yakiwa ya njano, nimepungua uzito, chakula kinakwama nikimeza. Nilimjibu kwamba yanakuja ghafla, yanakaa saa mbili au tatu, yanapanda chini ya mbavu za kulia hadi kwenye bega, kisha yanaondoka kana kwamba hayakuwapo. Akaweka kalamu chini na kusema, "Mwalimu, vidonda vya tumbo mara nyingi havina tabia hiyo." Aliandika vipimo viwili, kamera ya tumbo na altrasaundi, akaniagiza niache omeprazoli kwa wiki mbili kabla ya kamera. Agizo hilo pekee lilinionyesha kwamba nipo mikononi mwa mtu anayejua kazi yake, kwa maana dawa ile huwaficha bakteria na kukifanya kipimo kiseme uongo.

Kuhusu kamera, ambayo wengi wanaiogopa, nitasema nilivyoiona. Hutakiwi kula kuanzia usiku. Muuguzi alinipulizia ganzi kooni, yenye uchungu na yenye kuacha hisia kwamba huwezi kumeza mate, kisha nikalala kwa ubavu wa kushoto nikiwa nimeuma kifaa cha plastiki cha kulinda meno. Mpira unapopita kooni mwili mzima unakataa, na huo ndio wakati mgumu kuliko yote, lakini hauzidi sekunde chache ukitii maneno ya muuguzi, ambaye alinishika bega muda wote akiniambia, "Vuta pumzi kwa pua, mama, taratibu, tunakaribia." Kazi yote ilichukua kama dakika saba. Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, lilikuwa safi, tumbo lilikuwa na wekundu kidogo tu, na mwanzo wa utumbo mwembamba haukuwa na kidonda wala kovu. Walichukua vinyama vidogo viwili na kuviweka kwenye jeli ya rangi ya njano. Bakteria akiwapo, kimeng'enya chake huvunja urea na kutoa amonia, na jeli hugeuka kuwa ya waridi. Niliomba kuiona kabla ya kuondoka, nikaonyeshwa: ilikuwa bado ya njano. Kwa mwalimu wa biolojia, lile lilikuwa somo la miaka mitatu ndani ya kijichupa kimoja.

Jambo jingine la kitengo hicho ninalolisifu ni mpangilio wa foleni. Mimi nilikuwa wa sita, lakini mzee mmoja aliyekuwa akilalamika kwamba ugali unakwama na sasa hata uji unapita kwa shida alipitishwa mbele yetu sote, na muuguzi akatueleza sababu kwa heshima. Ukanda wa Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia kushuka Kenya, Tanzania na Malawi, ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye saratani nyingi ya umio, na wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa. Kule Bomet, Kenya, watafiti wa Hospitali ya Tenwek waliwapima kwa kamera na rangi ya ayodini watu 305 wasio na dalili yoyote, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2016 walikuta mabadiliko ya awali ya umio, yanayoweza kugeuka kuwa saratani, kwa takriban mtu mmoja kati ya saba. Utafiti mwingine uliofanywa Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulipima joto la chai wakati watu wanapoanza kuinywa, ukapata wastani wa zaidi ya nyuzi 70 za Selsiasi. Mwaka uliofuata wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliviweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Mtu ambaye chakula kinamkwama hapaswi kusubiri nyuma ya mwenye kiungulia, na kliniki hiyo inalijua hilo.

Altrasaundi niliiahirisha nikingoja mshahara, na kosa hilo ni langu. Siku tisa baada ya kamera maumivu yalinishika saa nne usiku, makali kuliko yote niliyowahi kuyapata, yakipasua kutoka chembe cha moyo hadi mgongoni, na matapishi yasiyokoma. Daktari alikuwa ameniandikia kwenye faili kwamba yakirudi niende idara ya dharura saa hiyohiyo, nitolewe damu ya kupima lipasi, kimeng'enya cha kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Mume wangu aliwaonyesha karatasi hiyo, na damu ilichukuliwa kabla hata hatujamaliza maswali ya mapokezi. Lipasi ilikuwa zaidi ya mara kumi ya kiwango cha juu cha kawaida. Kwa vigezo vinavyotumika duniani tangu viliporekebishwa mwaka 2012, mgonjwa huhesabiwa kuwa kongosho lake limevimba ghafla akitimiza mawili kati ya matatu: maumivu ya aina hiyo, lipasi au amilasi (kimeng'enya kingine cha kongosho) isiyopungua mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, au picha inayoonyesha kuvimba huko. Nilikuwa nimetimiza mawili. Altrasaundi ya asubuhi ilionyesha mawe madogo mengi kwenye mfuko wa nyongo. Jiwe moja lilikuwa limeteremka na kuziba kwa muda mlango ambao nyongo na maji ya kongosho huutumia kwa pamoja, na daktari alisema kwamba hata maumivu yangu ya miaka iliyotangulia yalikuwa ya mawe hayo.

Matibabu ya wodini ndiyo yaliyonifanya nitake kuandika. Dripu ilikwenda polepole, na mume wangu alikasirika. "Dada, huyu ana kiu, midomo imekauka, kwa nini mnambania maji?" Muuguzi akamjibu bila kupandisha sauti, "Baba, tunapima mkojo wake kila mara. Tukimjazia kupita kiasi maji yataingia kwenye mapafu." Kwa miaka mingi mafundisho yalikuwa kumwaga maji mengi. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika nchi za India, Italia, Meksiko na Hispania, ambamo wagonjwa 249 wa kongosho waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakipewa maji mengi kwa kasi na wengine kwa kiasi. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu ya usalama: asilimia 20.5 ya waliopewa maji mengi walizidiwa na maji mwilini, dhidi ya asilimia 6.3 ya wenzao, na hakukuwa na faida yoyote iliyofidia hatari hiyo. Miezi michache tu baadaye, muuguzi wa wodi ya Dar es Salaam alikuwa akiyatekeleza matokeo hayo mbele ya macho yetu. Hawakunichoma viuavijasumu bila sababu, na siku ya pili nilipewa uji mwepesi na ndizi za kuchemsha badala ya kushindishwa njaa, kama miongozo ya sasa inavyotaka.

Siku ya sita niliruhusiwa, na hapo ndipo ilipo lawama yangu. Niliambiwa chumba cha upasuaji kimejaa, nirudi baada ya wiki sita kutolewa mfuko wa nyongo. Siku ya 19 tangu niruhusiwe nilirudishwa kwa gari la jirani, nikiwa na maumivu yaleyale na lipasi imepanda tena. Swali kama mgonjwa aliyepata nafuu atolewe mfuko wa nyongo kabla ya kwenda nyumbani lilikwisha kujibiwa na hospitali 23 za Uholanzi, katika jaribio lililochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2015. Kati ya wagonjwa 264 ambao kongosho lilikuwa limevimba kwa kiasi chepesi kwa sababu ya mawe, asilimia 17 ya waliosubirishwa takriban mwezi mmoja walirudishwa hospitali kwa matatizo ya mawe au walifariki, dhidi ya asilimia 5 ya waliopasuliwa katika safari ileile ya kulazwa. Naelewa kwamba vyumba vya upasuaji ni vichache na madaktari wa usingizi hawatoshi. Lakini kitengo kinachofuata utafiti kwa makini hivyo katika kiasi cha dripu hakiwezi kuuacha pembeni katika jambo linalomrudisha mgonjwa kitandani, na kulazwa kwangu mara ya pili kulikula vitanda vya siku nne ambavyo mwingine angevitumia. Angalau ningeambiwa hatari ya kusubiri nikachagua mwenyewe; hakuna aliyeniambia.

Mara ya pili nilipasuliwa kwa matundu madogo kabla ya kuruhusiwa. Kazi ilikuwa safi, na siku ya pili nilitembea hadi getini.

Dirisha la malipo ni moja na linachosha. Fika kabla ya saa moja asubuhi, na kama una bima hakikisha mapema kwamba kamera imeidhinishwa. Mimi niliilipia taslimu, na ilinigharimu zaidi ya mara tatu ya vile vipimo vinne vya kidole vikijumlishwa, nayo ndiyo fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote. Ripoti ya kamera unapewa mkononi ikiwa na picha. Beba majibu yako yote ya zamani, ukiandika pia ni dawa zipi ulizomeza na kwa siku ngapi, maana daktari wangu aliyasoma yote. Kwa uchunguzi na matibabu ya wodini nakipa kitengo hiki alama tisa kati ya kumi, na kwa mpango wa upasuaji nakipa nne. Nimewaandikia barua kuhusu hizo nne, nikaambatanisha ripoti zangu mbili za kulazwa na tarehe zake.