Dogwudi ya Kupanda Nyumbani: Ipi Uanze Nayo, Ipi Uiache Kitaluni

Wengi wanaokwenda kitaluni kununua dogwudi, miti na vichaka vya maua vya jenasi Cornus, huchagua kwa macho: mche uliochanua sana siku hiyo ndio wanaoondoka nao. Lakini huu ni mti utakaokaa nao miaka na miaka. Angalia kwanza magonjwa na mahali utakapoupanda, maua yafuate. Ndivyo nilivyozipanga hapa. Na ujue mapema kwamba zote zinahitaji majira ya baridi ya kweli. Ukiishi nyanda za chini za tropiki, weka fedha yako kwenye mti mwingine.

Namba moja kwangu ni Cornus kousa, yenye asili ya Japani, Korea na China. Huchanua majani yakiwa yameshatoka, kwa hiyo baridi kali ya mwisho wa msimu ni nadra kuunguza maua. Inahimili vizuri chule, ugonjwa wa kuvu ambao tangu miaka ya 1970 umeua dogwudi nyingi mno katika misitu ya mashariki mwa Marekani. Kile tunachokiita ua ni majani manne meupe yenye ncha, yamezunguka kitufe cha maua madogo ya kijani, nayo hudumu wiki kadhaa. Baadaye huja matunda mekundu yenye vinundu, yanayolika, na mti ukikomaa gome hubanduka na kuacha mabaka ya kijivu na kahawia. Kwa mti wa mita 5 hadi 9, sioni kingine kinachotoa yote haya.

Zinazofuata ni chotara za kousa na Cornus florida, zilizozalishwa na Elwin Orton katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani. Zina nguvu na hazishambuliwi ovyo na magonjwa. Ila kwa kawaida hazizai matunda, kwa hiyo anayetaka kulisha ndege azipite.

Cornus florida yenyewe naiweka ya tatu, na inaniuma, maana kwa uzuri haina mpinzani: huchanua matawi yakiwa bado hayana majani. Ndiyo Marekani iliyowapelekea Wajapani mwaka 1915, kuwashukuru kwa miti ya micheri waliyoipeleka Washington mwaka 1912. Tatizo ni chule na ubwiri unga, ukungu mweupe unaofunika majani. Usinunue mche usiojulikana jina. Ulizia aina iitwayo Appalachian Spring, iliyotokana na mti ulionusurika chule kule Maryland. Dhidi ya ubwiri unga, hata hivyo, haina kinga kubwa. Ipe kivuli chepesi cha mchana na udongo wenye tindikali kidogo.

Kama udongo wako una chokaa, chukua Cornus mas. Maua yake ni ya njano, madogo, hutoka baridi ikiwa inaishia, na matunda yake hufaa kwa jamu. Panda miche miwili ya aina tofauti ili izae vizuri. Penye majimaji panda Cornus sericea au Cornus alba, vichaka vya matawi mekundu. Kila mwaka, kabla hayajachipua, kata theluthi ya matawi yaliyozeeka. Cornus nuttallii iachie watu wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, ndiko kwao; kwingine husumbua.

Sasa mche wenyewe. Inama utazame mahali shina linapopanuka kuwa mizizi. Kama pamefukiwa, mche ulipandwa kwa kina kupita kiasi. Uchomoe kidogo kutoka kwenye chombo chake. Mizizi iliyojizungusha kama kamba nene ni sababu ya kuurudisha. Papasa shina: matundu yenye unga wa mbao ni kazi ya kipekecha shina, mdudu anayetoboa mti. Ukinunua wakati majani yanapukutika, tazama ncha za matawi. Tumba la ua ni la mviringo, limebonyea kidogo kama kitunguu. La jani ni jembamba lenye ncha. Mche uliobebeshwa huchanua mapema kuliko uliooteshwa kwa mbegu, kwa hiyo bei yake ya juu ni halali. Una shaka kama ni dogwudi kweli? Chana jani polepole: vipande viwili vitaendelea kushikana kwa nyuzi nyeupe nyembamba.

Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya mizizi, lakini lisiwe na kina zaidi yake. Weka matandazo ya sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Mizizi ya dogwudi iko juujuu, hivyo kiangazi cha kwanza na cha pili mwagilia maji mengi kwa kuyazamisha polepole, na mashine ya kukatia nyasi isisogee karibu kabisa: jeraha dogo kwenye gome ndilo mlango wa kipekecha.