San Marino au Liechtenstein: nani kibonde zaidi?
Kwenye orodha ya FIFA, San Marino wameburuta mkia miaka nenda rudi. Liechtenstein wako juu yao kidogo tu.

Liechtenstein hawana hata ligi yao, klabu zao hucheza Uswisi. San Marino wanayo, ingawa nchi nzima haijazi Uwanja wa Mkapa!

Kwa historia, Liechtenstein wako mbele: Oktoba 2004 waliibana Ureno 2-2, siku nne baadaye wakaichapa Luxembourg 4-0 ugenini. San Marino wana bao la Davide Gualtieri dhidi ya Uingereza mwaka 1993, sekunde ya nane tu (halafu wakala saba).

Lakini ana kwa ana? Septemba 2024 San Marino walishinda 1-0. Novemba, ugenini Vaduz, mji mkuu wa Liechtenstein, walitanguliwa kufungwa, wakageuza kibao: 3-1. Mimi niko na wa mkiani.