Picha za Stanleyville: nililipa dola 5 kutukanwa

Acha niseme yote. Juzi-juzi hapa Bukavu niliingia kwenye maonyesho ya picha za zamani za Kisangani, enzi ikiitwa Stanleyville. Mlangoni kijana akainua noti yangu kwenye mwanga: "Mama, hii haipite, iko na kitundu." Kitundu cha sindano! Nikatoa nyingine. Hayo tumeyazoea.

Ndani, kiongozi anaeleza Kifaransa kitupu. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Kisangani, akamwomba pole pole: "Mwanangu, utueleze na mu Kiswahili kidogo." Jibu? "Mama, hii ni historia, haiko soko."

Haiko soko! Na tumesimama mbele ya picha ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara mkubwa wa Zanzibar! Kabla Stanley, yule Mzungu mpelelezi, hajaanzisha kituo chake pale Kisangani 1883, wafanyabiashara wa Zanzibar na Wangwana wao, wafuasi wao wasemao Kiswahili, walikuwa wameshateremka mto Lualaba kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Walikuwa wanapatana bei kwa Kifaransa? Tippu Tip mwenyewe, aliyefanywa gavana wa pale 1887, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Simsifu, minyororo yake tunaijua. Lakini kudharau lugha yake mbele ya uso wake, tena kwa pesa yangu!

Nilitaka kuondoka. Kilichonizuia ni picha ya Wagenia, wavuvi wa Kisangani: miti mikubwa imesimikwa katikati ya maporomoko, vikapu vimening'inia kwa kamba za porini. Mama mkwe akasogeza kidole karibu na kioo, akaanza kueleza taratibu jinsi kikapu kinavyotegwa kwa nguvu ya maji yenyewe. Akahamia kwenye picha ya bandari: meli za kutoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, zilikomea hapo sababu ya maporomoko, mizigo ikapanda treni kilomita 125 hadi Ponthierville, Ubundu ya leo, halafu meli tena. Watu wakamwacha kiongozi, wakatuzunguka. Nusu saa hiyo ilistahili dola 5, tena nilikuwa nimeshamsamehe na yule wa mlangoni. Nyota tatu, nikawaza, labda nne.

Mara nasikia sauti nyuma yangu: "Mama, na samaki anaingilia wapi?" Ni kiongozi. Kiswahili cha Bukavu hasa, cha Kadutu kabisa. Kumbe anakijua!

Weka nyota moja.