Uzoefu wangu na Reaper: kumtumikia Shetani kwa mkataba wa wazazi

Nimemaliza kutazama misimu yote miwili ya Reaper, tamthilia ya vichekesho ya televisheni ya Marekani, kwa mara ya pili, safari hii pamoja na mdogo wangu ambaye ametimiza miaka 21 hivi karibuni, umri uleule ambao Sam Oliver, mhusika mkuu, anatokewa na Shetani na kuambiwa kwamba roho yake iliuzwa kabla hajazaliwa. Baba yake aliugua sana, na ili apone wazazi wakakubali kumpa Shetani roho ya kifunguamimba wao. Tangu siku hiyo Sam, kijana aliyeacha chuo na kuajiriwa katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi, anabebeshwa kazi ya pili ya kuzisaka roho zilizotoroka Jehanamu na kuzirudisha huko.

Kilichonishika zaidi ni Shetani mwenyewe, anayeigizwa na Ray Wise. Huvaa suti maridadi, hutabasamu, huketi ghafla kando ya Sam ndani ya gari na kuzungumza naye kama mzazi anayejivunia mwanawe, kiasi kwamba mtazamaji huanza kumpenda kabla ya kukumbuka kuwa kila neno lake tamu lina mtego ndani yake. Mama yangu aliuliza kama inafaa kucheka mbele ya mhusika wa namna hiyo. Nilimjibu kwa dhati kwamba sijaona tamthilia nyingine inayoonyesha wazi kiasi hiki jinsi uovu unavyobisha hodi kwa adabu.

Vichekesho vyake vimejengwa juu ya mambo ya kawaida kabisa. Kila roho inahitaji chombo chake cha kuinasa, na katika sehemu ya kwanza, iliyoongozwa na Kevin Smith, chombo hicho ni kifyonza vumbi cha mkononi. Roho ikishanaswa, hupelekwa katika ofisi ya leseni za magari, kwa karani Gladys, ambaye ni jini na huipokea kwa uchovu wa mtumishi aliyekaa dirishani miaka mingi. Nimepanga foleni nyingi za leseni maishani, na wazo hilo lilinifurahisha mno.

Hata hivyo, sehemu za mwanzo hufuata mkondo mmoja: roho inatoroka, chombo kinaletwa, Sam na rafiki zake Sock na Ben wanahangaika, roho inanaswa. Mdogo wangu alikaribia kukata tamaa. Nilimsihi avumilie, kwa kuwa wanapoingia Tony na Steve, majini wawili majirani wanaopanga kumpindua Shetani, hadithi inapata uzito na swali la mkataba wa Sam linaanza kuuma kwelikweli. Andi, msichana anayependwa na Sam, alistahili nafasi kubwa zaidi mapema.

Tamthilia ilianza kurushwa Marekani Septemba 2007 na kusitishwa Mei 2009 baada ya sehemu 31, huku roho ya Sam ikiwa bado mikononi mwa Shetani. Jambo hilo liliniumiza mara ya kwanza na limeniumiza tena. Ilipoisha, mdogo wangu alinyoosha mkono kutafuta msimu wa tatu, nikalazimika kumwambia kwamba haupo.